Maji ya Kuoshea Kilio

Mwanangu Philbert alipopata mashine ya kukoboa mpunga kule Rujewa, hakunipa habari kama watu wanavyopeana habari. Alipiga simu, nilipopokea tu akasema, "Kitendawili." Ndivyo tulivyosalimiana mimi na yeye tangu akiwa mdogo. Nikamjibu tega. Akatega: nina ng'ombe wangu, akila analia, akinyamaza ujue ana njaa.

Niliwaza. Nikataja mtoto mchanga, nikataja kengele ya kanisa, akawa anacheka tu. Mwisho akataka mji. Nikampa Iringa. Akakataa, akasema Iringa ni kwao, mtu hapewi kwao. Basi nikampa Mbeya. Akaenda Mbeya kwa mdomo, akapanda mlima Loleza na kushuka, akala wali wa Kyela akasema hauufikii wa Mbarali, wazee wakamwamkia yeye shikamoo, ndipo akarudi na jibu. Ng'ombe ni mashine, Mama. Nimenunua mashine.

Mungu alinipa watoto wawili walioishi, Evarista na huyo Philbert. Evarista alikuwa na mtoto mmoja, Rabson, ambaye nimemlea mimi hapa Ifunda mpaka alipomaliza darasa la saba. Nilimwita mume wangu, kama bibi anavyomwita mjukuu, na yeye akanitania kwamba mahari yangu ataimaliza akiwa tajiri. Alipokua alikwenda Mbeya kusoma ufundi wa umeme, lakini umeme alioupenda ni ule wa gitaa. Wakaunda bendi, yeye na Yash, mtoto wa Mzee Ashok muuza vipuri, na msichana mmoja Eveline. Bendi wakaiita Kokoto. Walipiga muziki wa roki, na mara ya kwanza kuusikia nilidhani mtu anaburuta bati barabarani. Baadaye niliuzoea. Mtoto akilia kwako siku nyingi utajua analilia nini.

Mama yake, Evarista, alihamia Rujewa kwa kaka yake. Alipikia watu wa mashine na wateja wanaosubiri zamu, na chumba chake kilikuwa nyuma ya mashine, ukuta mmoja. Msimu wa mavuno, siku ambayo magunia yalipangwa mpaka barabarani, Evarista alimwambia Philbert kwamba tumbo linamsumbua kidogo, anakwenda kujinyoosha. Philbert akasema pole dada, akaendelea kukoboa. Mashine haikusimama tangu asubuhi. Ilipokwisha dizeli alasiri ndipo ukimya ulipoingia, na ndani ya ukimya huo Philbert akamsikia dada yake. Alimbeba mikononi mpaka kwenye pikapu, wakaelekea Mbeya. Evarista akamfia njiani, pale Igurusi. Walisema utumbo ulikuwa umepasuka.

Tulimzika Ifunda.

Sasa lazima niseme jinsi tunavyolia sisi, maana hapo ndipo jambo hili lilipoharibikia. Katika ukoo wetu mama mfiwa ana ruhusa. Akisimama kaburini anasema lolote linalompanda kooni, na lazima amtaje mtu. Mungu yuko mbali na kifo hakina uso, basi anamtaja aliye karibu, anambebesha. Aliyetajwa hajibu. Anasimama hapohapo na kuinamisha kichwa, hiyo ndiyo heshima yake kwa marehemu. Halafu arobaini ikifika, tunaosha kilio. Unga wa ulezi unatiwa majini ndani ya kata ya kibuyu. Mama anasukutua, anatema chini kati yake na yule aliyemtaja, anasema, "Maneno yangu yamekwenda na maji." Yule anajibu, "Yamekwenda." Kisha wote wawili wanakunywa kata hiyohiyo. Kuanzia hapo, atakayeyarudia maneno ya kaburini ni mchawi, maana anafukua.

Nililia kwa Kihehe, lakini walikuwepo wageni wa Rujewa na Mbeya, na Kiswahili kikanitoka katikati bila kukiita. Ningelia Kihehe chote, nchi isingeimba. Nilisema hivi:

"Mashine ililia, Evarista akalia,
Philbert mwanangu, ukasikia mashine."

Nilirudia, maana kilio hurudiwa. Philbert aliinamisha kichwa kama inavyotakiwa. Arobaini ilipofika tuliosha, akajibu, akanywa, na alipofuta mdomo aliniambia maji haya bado machungu vilevile kama ya msiba wa baba. Tukacheka kidogo. Yakaisha.

Rabson hakuwepo siku ya maji. Alikuwa na kazi studio, akatuma salamu. Na siku ya mazishi alikuwa amesimama upande wa miguu ya kaburi, simu yake mkononi, inarekodi. Nilimwona. Nilidhani anataka awe na sauti ya kuliliwa kwa mama yake, na kweli ndicho alichotaka. Akaondoka nayo.

Mwaka haukuisha. Nilishuka Ipogolo kununua mbegu za viazi, nikapita kwenye kibanda cha vifaa vya simu, chenye spika mbili kubwa mlangoni. Gitaa lilikuwa likilia, nikasema moyoni hili kama la mume wangu. Halafu gitaa likanyamaza na mwanamke akaanza kulia. Mtu haijui sauti yake mpaka aisikie kwa nje. Nilimwonea huruma yule mama kwanza. Aliposema Evarista ndipo nilipojua ni mimi.

Ngoma zikaanguka juu ya kilio changu, na vijana wote waliokuwa pale wakaimba kwa pamoja: ukasikia mashine, ukasikia mashine. Mwenye kibanda aliniona nimesimama, akaniletea kigoda. Akasema kwa upole kwamba hata bibi yake kijijini anaipenda, kwamba hiyo ni albamu ya Kokoto, inaitwa Mashine Ililia, wiki hizo redio zote ni hiyo, na kama nina simu ya kadi ananiwekea albamu nzima. Nilimwambia sina. Nikarudi Ifunda bila mbegu.

Albamu hiyo ilipanda kama maji ya masika. Waliipiga kwenye baa, kwenye harusi, bodaboda waliifunga kwenye pikipiki zao. Kokoto wakaitwa Dodoma, wakaitwa Dar es Salaam, wakavuka mpaka Nairobi. Majirani walikuja kunipongeza kwamba mjukuu ametoka. Wenzangu wa jumuiya, wale waliokuwepo siku ya maji, hawakunipongeza. Walikaa, wakanywa chai, wakaangalia chini.

Kule Rujewa ilianza kama utani. Wateja walikuwa wanafika na magunia, Philbert akiwasha mashine, mmoja anaanza kuimba na wengine wanaitikia, na yeye anatabasamu kama mtu aliyetaniwa na watani zake. Kisha watoto wa shule wakawa wanasimama ng'ambo ya barabara. Kisha mtu akaandika kwa mkaa ukutani: UMESIKIA? Mkewe Esnath alifuta, likaandikwa tena. Wateja wa karibu wakaanza kupeleka mpunga kwa mwingine. Hawakusema kwa nini, walisema tu foleni ya huko ni fupi. Wageni ndio waliongezeka, wanaokuja na simu kujipiga picha mbele ya mashine iliyoua.

Esnath ndiye aliyekuwa ananiambia haya. Philbert mwenyewe hakuwa akipiga tena. Nilipompigia mimi na kusema kitendawili, hakujibu tega. Kisha akasema, "Mama, si tuliyaosha?"

Nikamwambia tuliyaosha, baba.

"Basi mbona bado machafu?"

Sikuwa na jibu, na yeye hakutaka mji.

Nilifunga safari ya Mbeya. Njiani nilishuka Rujewa nimwone kwanza. Nilimkuta amekaa juu ya gunia ndani ya banda, mashine imezimwa mchana kweupe, ndevu zimeota. Alinisalimia vizuri, akaniuliza habari za viazi. Nilimwambia nakwenda kwa Rabson, wimbo huo utaondolewa. Akasema nisimgombeze mtoto, mtoto amefiwa na mama. Nilimwambia akae, anisubiri, nitarudi na neno. Alinisindikiza mpaka kwenye gari. Mlangoni alinishika mkono kwa muda mrefu, kisha akasema, "Mama, unajua sikusikia." Nikamwambia najua. Akasema, "Wewe unajua." Akauachia mkono.

Studio yao ilikuwa Iyunga, ndani ya stoo ya Mzee Ashok, upande wa pili vyuma na upande huu kuta zimebandikwa trei za mayai na magunia ili sauti isitoke. Yash ndiye aliyenifungulia. Aliinama akaniamkia, akaita mama yake Usha alete chai, na chai ililetwa, yenye tangawizi kali. Rabson alikuja kunikumbatia, mke wangu, mke wangu, amenenepa, amevaa viatu vizuri. Pale kulikuwa pia na Fred, huyo ndiye mwenye kuwarekodi na kuwauzia kazi. Nilimwacha Rabson anieleze ushindi wake mpaka akaishiwa. Kisha nikamwambia ninachotaka: wimbo uondolewe.

Fred alinieleza kwa adabu kwamba haiwezekani kuuondoa. Mtandaoni angeweza kuushusha, lakini tayari upo kwenye simu za watu na kwenye flashi, huwezi kwenda mlango kwa mlango kuukusanya. Halafu, alisema, huo wimbo ndio ulioibeba albamu. Zile nyingine zinapanda mgongoni mwake.

Rabson alichukua gitaa lake akaliweka gotini. Kisha akasema, "Bibi, mimi sikuongeza neno. Ulisema mwenyewe."

Nikamwambia nilisema.

"Na kilio hakidanganyi. Mama yangu alilala pale siku nzima analia, ukuta mmoja, na mjomba anakoboa. Ulisema wewe. Ulitaka nifanye nini, nijifanye sikusikia?"

"Kwenye kilio hichohicho nilisema Mungu ni kipofu," nikamwambia. "Nikasema babu yako alikufa makusudi ili anikimbie. Mbona hayo hukuyaweka?"

Akaangalia waya za gitaa. Akasema hayakukaa kwenye mapigo.

Hapo nikajua huyu mtoto hajui. Alikua mikononi mwangu, lakini mazishi aliyoyaona utotoni aliyaona kama watoto wanavyoyaona, wanakula na kupelekwa kulala kwa jirani. Hakuna aliyemkalisha akamwambia kwamba kilio kina nusu mbili. Yeye alichukua ya kwanza, akaibeba mpaka mjini kama ushahidi. Nikamweleza habari ya maji. Nilimweleza taratibu, mwanzo mpaka mwisho, na jinsi mjomba wake alivyoinama, na alivyokunywa. Eveline aliyekuwa amekaa kwenye ngazi alianza kulia. Rabson hakulia. Alisema kwa sauti ya chini kwamba hakuna aliyemwambia, na kwamba hata hivyo mashine ilikuwa inalia na mama alikuwa analia, hilo maji hayalibadilishi.

Yash ndiye aliyetafuta njia. Akasema kama nusu ya kwanza haifutiki, nusu ya pili irekodiwe, iwekwe kwenye albamu mwishoni, ili anayesikia kilio asikie na maji. Fred akakuna kichwa lakini hakukataa. Nikawaambia mimi niko tayari, ila lazima Philbert awepo. Maji hayaoshi mtu ambaye hayupo. Nani atajibu?

Rabson akachukua simu ampigie. Haikupatikana. Akampigia Esnath, akaiweka kwa sauti kubwa ili sote tusikie. Esnath alisema Philbert aliondoka mara tu baada ya gari langu, akasema anafuata mkanda wa mashine Chimala. Amebeba begi la nguo. Mtu hafuati mkanda na begi la nguo.

Kesho yake tulikwenda Rujewa, mimi, Rabson na Yash, kwa gari la bendi lenye jina la albamu ubavuni. Chimala hakuna muuza vipuri aliyemwona. Kondakta mmoja alisema alimshusha mtu kama yeye Tunduma, karibu na mpaka, mwingine akasema Makambako, upande mwingine kabisa. Polisi wakaandika. Tuliuliza kwenye skimu za mpunga, kwa wafugaji, na mifereji ilitazamwa, neno hilo nalisema kwa haraka. Hakupatikana, si mzima si maiti.

Esnath hakumtukana Rabson. Mimi nilitegemea amtukane, labda na yeye Rabson alitegemea hivyo, alikuwa amesimama tayari kabisa. Esnath alimwambia tu, karibu mwanangu, kaa hapa, akamkalisha kwenye gunia la mjomba wake. Akamimina dizeli, akawasha mashine, akatia mpunga. Kisha akanishika mkono tukazunguka nyuma, tukaingia chumba cha Evarista. Kitanda kilikuwepo bado, hakina godoro. Esnath alisimama karibu na ukuta, akaita, "Rabson." Akaita tena kwa nguvu zaidi. Kisha akapiga yowe, yowe la mtu anayechinjwa, mpaka mishipa ya shingo ikasimama, na mimi niliyekuwa naye chumba kimoja nililisikia kama linatoka mto wa pili. Nikaita na mimi. Niliita mume wangu, mume wangu. Ukuta ulikuwa unatetemeka chini ya kiganja changu.

Tulirudi mbele. Rabson alikuwa amekaa vilevile, anaangalia chenga zikimwagika. Esnath akazima mashine.

"Tumekuita," akamwambia. "Umesikia?"

Mtoto akatazama mdomo wa Esnath, akanitazama mimi, akatazama ukuta. Alitoka nje akasimama mbele ya lile gari lenye jina la albamu yake, akaanza kukwangua maandishi kwa kucha. Yash alimwacha kwa muda, kisha akaenda naye akakwangua.

Turekodi, alisema Rabson siku ileile. Nikamkumbusha kwamba wa kujibu hayupo. Akasema, Bibi, tumwachie nafasi.

Ulezi nilisaga mwenyewe. Udongo tuliuchota uani kwangu, Ifunda, tukaupeleka Iyunga ndani ya beseni, maana maji yale hayatemwi kwenye zulia. Studio ilijaa watu walionyamaza, hata Mzee Ashok alivua viatu mlangoni. Nilisukutua, nikatema, nikasema, "Philbert mwanangu, maneno yangu yamekwenda na maji." Kisha tukasubiri. Hakuna gitaa lililopigwa. Yash alikuwa na vijiti vyake vya ngoma mkononi, havikugusa kitu. Ukimya ule ulikuwa mrefu kuliko nilivyotegemea, na katikati yake nikaona siwezi kuuacha hivihivi, nikasema jambo ambalo halimo katika desturi. Nikasema, "Nimeshindwa, baba. Nakupa mji. Nakupa Iringa."

Nikanywa nusu ya kata. Nusu nyingine ilibaki.

Fred alitaka kuufupisha ule ukimya, akasema redio watadhani imekatika. Rabson akamwambia akiukata hata kidogo, yeye hagusi gitaa tena. Ukabaki. Wimbo wa maji uliongezwa mwishoni mwa albamu, na albamu ikaendelea kuuzwa kama kawaida. Nilimsikia mtangazaji mmoja akiupiga. Ulipofika pale pa kusubiri akaomba radhi kwa hitilafu ya mitambo, akaweka tangazo la sabuni. Vijana wanauruka. Wanarudi kwenye mashine.

Rabson aliacha kuimba wimbo ule wa mashine. Alasiri moja nilikwenda kumwona akipiga uwanjani Mbeya, wakapiga nyimbo nyingine zote, na watu wakaanza kuudai. Akaliachia gitaa lining'inie. Basi wakauimba wenyewe, uwanja mzima, kwa furaha, simu zimeinuliwa juu, wakamtaja mwanangu kwa jina. Rabson aliinamisha kichwa. Alisimama hapohapo mpaka walipomaliza, kama anavyosimama aliyetajwa.

Esnath ameiuza mashine. Kata ya ulezi niliirudisha Ifunda, nimeifunika kwa sahani, iko juu ya kabati. Maji yaliyokuwemo yalikwishakauka, umebaki unga chini.

Simu yangu ikiita kwa namba nisiyoijua, siku hizi sisemi haloo. Nasema, "Tega." Wengi hukata. Wengine ni watu wa mitandao ya simu, wananiuliza kama nimeelewa huduma yao mpya. Juzi kulikuwa na mmoja ambaye hakusema kitu, na nyuma yake kulikuwa na kelele, kama ya injini, sikuweza kuijua ni ya nini. Nilisema tega. Nikasema tena, kwa nguvu zaidi, kama anaweza kunisikia.

Kisha ikakatika.